Firigisi ya Baba

Ilianza Jumatano, saa tisa alasiri, Baba aliposhuka kwenye bodaboda akiwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili alikishika mkononi kama mtu anayekwenda kukiuza. Saa naijua kwa sababu redio ya jirani ilikuwa imeitangaza muda uleule, na mimi nilikuwa uani nawapa kuku maji. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba, kidole gumba chekundu kinang'aa kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Nikasema, "Shikamoo Baba." Akanipita. Baba hajawahi kuiacha shikamoo yangu hivihivi, hata siku alizorudi amechoka namna gani, kwa hiyo nilibaki na kopo la maji mkononi nikijua kwamba jambo kubwa limeingia nyumbani.

Mama alikuja nyuma yake na bodaboda nyingine, amebeba mfuko wa dawa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaitazama sufuria kubwa ya nyama iliyokuwa imefunikwa juu ya mafiga bila moto.

"Haya," akasema, peke yake. "Na wewe umestaafu."

Nimeyakumbuka haya juzi. Nimerudi likizo, niko kidato cha tatu sasa, na jirani yetu alikuwa akinyonyoa kuku upande wa pili wa ua. Ile harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto ilipovuka ukuta ilinikuta nikipeta choroko, nikasimama na ungo mikononi nikiwa mtoto wa darasa la nne tena. Mimi si mwongeaji. Wenzangu bwenini wananijua, naweza kumaliza muhula nikiwa nimesema maneno machache kuliko mtu mwingine anavyosema kwenye foleni ya uji. Lakini kuandika naandika. Nawaandikia ninyi wa umri wangu mnaokumbuka jinsi mtoto anavyoweza kulibeba jambo peke yake, kubwa kama gunia, na kumbe ndani ya gunia hamna kitu.

Nyumba yetu ni ya kuku. Baba ni mchuuzi wa kuku wa kienyeji hapa Shelui, anapita vijijini, zamani na baiskeli, baadaye na pikipiki, ananunua mmoja mmoja kwa kina mama, anawajaza kwenye matenga na kuwauza barabarani kwa abiria na madereva wa malori. Mlango wetu ulikuwa na matenga kila upande kama nguzo za geti. Tulilala na kuku wakikoroma, tuliamka na kuku wakigombana. Na katika biashara ile kuna sheria moja: kuku aliyevunjika mguu au bawa ndani ya tenga hauziki. Abiria anamtazama kuku kuliko anavyomtazama mchumba. Basi wale waliovunjika walikuwa wetu, na kwa barabara zetu zile walikuwa hawakosekani. Watoto wa jirani walikula kuku Krismasi na Idi. Sisi tulikula kuku kwa sababu pikipiki imeruka shimo.

Kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Mgongo wa Mama, kichwa na miguu yetu watoto, kidari cha mgeni. Firigisi ilikuwa ya Baba. Mama aliipasua, akaiosha, akaimenya ile ngozi ya njano ya ndani, kisha akaiweka juu kabisa ya bakuli ili Baba akifunua tu aione. Hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini. Tulijua tu, kama tunavyojua kwamba jua halichomozi upande wa Nzega. Baba akiinyanyua firigisi ndipo na sisi tulipotia mikono. Kwangu mimi, mtu aliyekula firigisi ndiye baba. Ubaba wenyewe ulikuwa mule.

Na nilikuwa na ushahidi. Zamani kidogo kabla ya Jumatano ile tulikuwa tumekwenda kijijini kwa Babu, juu mlimani, ndugu wote wamekusanyika. Kuku akachinjwa, bakuli likaletwa, firigisi ikiwa juu kama kawaida, ya Babu. Babu aliitazama muda mrefu. Kisha akaichukua kwa vidole vyake vilivyopinda, akainyoosha kwa Baba, akasema, "Sasa hii ni yako." Watu wakaacha kutafuna. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Niliona Baba Mkubwa, kaka yake Baba, anaweka chini tonge lake bila kulila. Babu alikufa kabla mvua za kwanza hazijanyesha.

Mtoto hahitaji zaidi ya hapo. Nilielewa kwamba mwenye nyumba akiitoa firigisi, ameitoa nyumba, na akishaitoa nyumba hana pa kukaa tena duniani.

Sasa turudi kwenye sufuria iliyostaafu. Daktari alikuwa amewaambia kwamba Baba ana gauti, ugonjwa wa viungo, na presha juu yake. Nyama nyekundu basi. Maini, figo, utumbo, firigisi, supu ya kongoro, vyote basi. Kuku mara mojamoja, kipande kidogo, mchuzi wake asinywe. Chumvi kidogo sana.

"Na magadi?" Mama alimwuliza, maana kwetu mlenda bila magadi ni kama chai bila majani.

"Hasa magadi," daktari akajibu.

Mama alitusimulia hayo huku akifunga kanga kiunoni, na alipomaliza fundo akatoa hukumu. "Sipiki sufuria mbili. Anachokula baba yenu ndicho tunachokula wote. Mkila nyama mbele yake, ugonjwa utamwacha, hamu itamuua."

Ilikuwa kiangazi, majani mabichi hakuna. Mama alianza na vilivyokuwa ndani: unga wa mlenda mkavu, majani ya kunde yaliyokaushwa, choroko, mbaazi, maboga ya mwisho ya msimu. Alikuwa fundi wa nyama, sasa akawa mwanafunzi. Mlenda wa kwanza bila magadi ulikuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Mdogo wangu Yona, ambaye alikuwa hajafika hata shule ya awali, aliutazama ukidondoka kwenye tonge lake akasema, "Mama, umekufa huu." Tulicheka, hata Baba. Mama akajaribu kuuvutisha kwa bamia, ukakubali. Karanga alizitwanga nusu ili zisipotee ndani, zikutane na meno. Choroko alizikaangia vitunguu kwa mafuta ya alizeti mpaka harufu ikatoka nje na wapita njia wakauliza leo kuna nini. Ugali ukawa wa uwele, ule wa rangi ya majivu, kwa sababu alisema wa sembe unaisha tumboni kabla hujanawa mikono.

Nitasema ukweli, chakula kilikuwa kitamu. Yaani baada ya muda nilikuwa naisubiri ile choroko. Kilichonitesa hakikuwa ladha. Ni kwamba bakuli lilipofunuliwa, juu hapakuwa na kitu. Choroko ya juu na choroko ya chini ni ndugu sawa. Baba alitia mkono, Yona akatia mkono, wote pamoja, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Nilikuwa namtazama Baba pale kwenye mkeka, nikaona kama mtu aliyevuliwa kofia mbele za watu na hajui.

Na alikuwa anapungua. Sasa najua kwamba kupungua kulikuwa dawa, daktari alitaka hivyohivyo. Wakati ule niliona tu msumari. Baba aliupasha msumari moto akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, na baadaye jingine. Watu barabarani wakaanza kuulizana. Shuleni ndio usiseme. Kulikuwa na msichana anaitwa Neema, mama yake anauza maandazi, mdomo wake haukuwa na mlango.

"Eti kwenu mmekatazwa kuku?" akaniuliza mbele ya wote.

Nikaendelea kuchonga penseli yangu.

"Wana kuku mpaka kwenye paa, wanakula mlenda! Wanawaogopa nini? Watawang'ata?"

Kuanzia hapo jina langu likawa Mlenda. "Mlenda, nipe rula." "Mlenda, mwalimu anakuita." Sikuwahi kujibu. Nilikuwa na jambo kubwa zaidi la kuogopa.

Siku moja Baba alirudi mapema kutoka barabarani, anatembea vizuri, anapiga mluzi. Mama alimpokea koti, akalisogeza puani.

"Umekunywa supu."

"Nani kasema?"

"Koti limesema."

"Mama watoto, kikombe tu. Dereva mmoja alininunulia, ningekataaje?"

Mama hakugombana. Aliingia ndani akakitoa kigoda ambacho Baba alikuwa akiegemezea mguu, kilichorudishwa stoo maumivu yalipopungua, akakiweka kando ya kitanda, tayari. Kesho yake asubuhi Baba hakuweza kuvumilia hata shuka kugusa kidole. Alilala ameuma kona ya mto, jasho linamtoka. Mtu mzima angejumlisha supu na mguu akapata jibu. Mimi nilikuwa na hesabu yangu: Baba haumwi kwa alichokula, anaumwa kwa kile asichokula. Ubaba unamtoka kidogokidogo, na unaanzia miguuni.

Kisha Yona akaugua homa. Alipoanza kupona Mama alisema achinjwe kuku mmoja, yule aliyevunjika bawa, mtoto apate nguvu. Kwetu Baba hachinji mwenyewe, anaitwa jirani yetu Mzee Ramadhani, ili yeyote atakayepita asipate shida ya kula. Nadhani Mama mikono yake ilijiendea tu kwa mazoea, maana bakuli lilipofunuliwa, firigisi ilikuwa pale juu. Nikasema moyoni, sasa. Sasa ataichukua na mambo yatarudi.

Baba aliitazama kama Babu alivyoitazama. Akaichukua. Akampa Yona.

"Haya dume, hii yako leo," akasema.

Yona akaidaka na kuanza kuikabili kwa meno yake ya pembeni, mate yanamtoka. Hakuna aliyeshtuka. Mama alikuwa anatabasamu. Mimi nilikaa pale namwangalia mdogo wangu akiitafuna nyumba yetu.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini, na kwa mdomo upi? Nikaanza kazi yangu ya siri. Kila asubuhi nilisimama kwenye mlango wa chumba cha Baba na Mama mpaka nimsikie Baba akikohoa, ndipo nikaenda kuchota maji. Na nilipofikiri zaidi nikaona kuna njia. Kuku asipovunjika hachinjwi. Asipochinjwa hakuna firigisi. Isipokuwepo, Baba hawezi kuitoa tena. Nikawa mlinzi wa kuku. Pikipiki ikirudi, mimi ndiye wa kwanza kushika tenga, nalishusha polepole kama mtu anayeshusha mgonjwa. Niliwapangua wale wanaokanyagana. Niliweka nyasi chini ya matenga ili miguu isinase kwenye fito. Baba alinisifia. "Huyu atakuja kuwa tajiri wa kuku," akamwambia Mama, na nikaona aibu kwa sababu hakujua ninachokifanya.

Mvua ziliponyesha nikaongeza bidii upande wa pili. Mlenda uliota kila mahali, kandokando ya mashamba, mpaka kwenye mitaro ya barabara. Nilikuwa naamka kuuchuma kabla ya shule, naujaza kikapu, na Mama akafurahi akidhani nimeupenda mlenda. Kwa kweli nilikuwa natandaza mlenda mkekani ili kuku asipate nafasi. Hivyo nyumba yetu iliingia kabisa kwenye chakula cha majani msimu ule, Mama akisukuma kwa sababu yake na mimi nikisukuma kwa sababu yangu, na Baba katikati anatembea vizuri zaidi kila wiki bila mimi kuona.

Halafu akaja Baba Mkubwa.

Aliishi Sekenke, analima na kushuka mashimoni kutafuta dhahabu, na tangu msiba wa Babu alikuwa hajakanyaga kwetu, ingawa si mbali. Alifika Jumamosi mchana, vumbi jeupe la mawe limemkaa masikioni. Nilipiga goti nusu, "Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Ndiyo wewe huyu? Umekua. Yuko wapi mdogo wangu, nimesikia anakufa."

Alilisema hivyohivyo, neno lile, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio chini ya ardhi. Nikashika tenga lililokuwa karibu.

Baba akatoka, "Shikamoo kaka." Baba Mkubwa hakuitikia mara moja, alimzunguka kwanza.

"Marahaba. Mbona umekuwa fito? Shemeji!" akamgeukia Mama. "Shemeji, hapa pana matenga mpaka kichwani, na mdogo wangu analishwa majani? Kwani huyu ni mbuzi?"

"Karibu shemeji, pole na safari," Mama akasema. "Maji ya kunawa haya hapa."

"Nanawa ndiyo, lakini nauliza."

"Utajibiwa umeshiba, shemeji."

Mgeni kama yule hawezi kula mlenda peke yake siku ya kwanza, hata Mama alijua. Mzee Ramadhani akaitwa. Nilisikia kuku akilia nyuma ya nyumba na nikajua kwamba ulinzi wangu umeisha. Lakini nilipokuwa nanyonyoa, mikono ndani ya maji ya moto, ile harufu imenijaa puani, nikapata wazo jingine. Pengine ni bahati. Pengine Mungu amempa Baba nafasi ya pili. Safari hii akiila mwenyewe, atakuwa ameirudisha.

Tulikula jioni, jua bado lipo. Wanaume mkekani, mimi nimesimama na jagi la kunawisha. Mama alileta ugali, bakuli la kuku na bakuli la mlenda, akafunua. Firigisi aliielekeza kwa Baba Mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mgeni.

Baba Mkubwa hakuigusa. Alilizungusha bakuli taratibu kwa kidole mpaka firigisi ikawa mbele ya Baba.

"Ya kwake hiyo."

"Kaka, wewe ndiye mkubwa," Baba akasema.

"Mkubwa?" Sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa ile ya mashimoni tena. "Mzee alikupa wewe. Mbele ya ukoo mzima, mimi mtoto wake wa kwanza nimekaa pale kama mpita njia. Akasema, sasa hii ni yako. Sikusema kitu siku ile na sisemi leo. Ila nyumba uliyopewa uikalie. Kula."

"Shemeji, mguu wake," Mama akasema kutoka mlangoni. "Daktari amekataza hiyo hasa."

"Firigisi moja, shemeji! Au na hiyo nayo ameachiwa mwanamke aamue?"

Nilimwona Baba anamtazama Mama, kisha anamtazama kaka yake. Nilikuwa nimekwisha kumwona akiuma mto. Lakini nilikuwa pia nimemwona Babu akiitoa, kisha akafa. Mkono wa Baba ulikwenda kwenye bakuli, ukasita juu ya firigisi, na nikaona vidole vinataka kurudi.

"Baba kula!"

Sikujua ni mimi. Wote waligeuka. Jagi lilikuwa linamwagika kwenye mkeka, kwenye miguu ya Baba Mkubwa, na sikuweza kulinyoosha.

"Kula usife. Usimpe mtu tena. Babu alikupa wewe akafa, na wewe ulimpa Yona."

Baada ya hapo nililia tu, kile kilio cha kwikwi, kisicho na maneno. Nilisikia Mama akisema taratibu, "Mungu wangu, mtoto huyu." Baba aliutoa mkono bakulini. Aliniangalia muda, halafu akamwangalia kaka yake muda, kama anayesoma kitu kilekile kilichoandikwa sehemu mbili. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mwanangu," akasema, "Babu yako hakuwa na meno."

Kwikwi zikanikatika.

"Hakuwa na meno. Firigisi ni ngumu. Mwaka mzima alikuwa anaimung'unya, watu wakigeuka anaitema chini ya kigoda, jogoo anaichukua. Aliona haya kusema. Mzee mwenye nyumba, aseme imemshinda firigisi? Siku ile wageni walikuwa wengi mno, hakuna pa kutemea. Alinipa huku ananikonyeza."

"Meno?" Baba Mkubwa akauliza.

"Kaka, wewe ulikuwa mashimoni miaka ile. Nani alikuwa anamkatia nyama vipande? Nani alimlowekea ugali kwenye mchuzi? Mimi. Nilikuwa nimekaa karibu yake kwa ajili hiyo."

"Alisema, sasa hii ni yako."

"Angesemaje? Chukua, imenishinda? Ungekaa wewe karibu, angekupa wewe."

Baba Mkubwa alitazama mkeka uliolowa. Alikuwa mtu mkubwa, shingo nene, na nilimwona uso wake ukifanya kitu ambacho nadhani na wangu ulikuwa unafanya wakati uleule. Sikujua wakati ule kwamba mtu mzima anaweza kulibeba gunia kama langu. Yeye alikuwa amelibeba mpaka likamzuia kuja kwa ndugu yake.

"Mimi nimekaa huko," akaanza, lakini hakumaliza. Alipapasa shavu lake la kushoto. Kisha akalisogeza bakuli katikati, si kwa Baba wala kwake. "Na mimi gego la huku linatikisika. Msinitafutie makubwa."

Mama aligeukia ukuta. Mgongo wake ulikuwa unacheka. Baba Mkubwa akavuta bakuli la mlenda, akachovya tonge, akachovya tena.

"Shemeji, huu hauna magadi."

"Hauna, shemeji."

"Mbona unavutika?"

"Bamia."

"Mh." Akachovya mara nyingine. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na Mama aliipokea kwa kumwongezea.

Walipomaliza Baba aliniita nikae karibu yake, mahali ambapo yeye alikuwa akikaa kwa Babu. Alinong'ona, maana anajua sipendi kusemeshwa mbele za watu. "Mimi siendi popote. Nimeiacha hiyo firigisi ili nisiende popote. Umeelewa?" Nikaitikia kwa kichwa. Kuelewa kwenyewe kulikuja baadaye kidogo. Firigisi ilibaki bakulini peke yake, hakuna aliyejua ni ya nani sasa. Mama akaifunika kwa sahani.

Kesho yake asubuhi niliamka kabla ya wengine, nikapita mlangoni kwao bila kusimama kusikiliza kikohozi. Jikoni Mama alikuwa anapuliza moto. Nilifunua sahani. Firigisi ilikuwa imegandiwa na mafuta. Nilimtazama Mama, Mama akanitazama, akaendelea kupuliza moto wake. Nikaichukua, nikaenda kukaa kizingitini katikati ya matenga, nikaila. Ilikuwa ngumu. Ilikuwa kama kutafuna kona ya ndala, inateleza upande huu, unaifuata, inakimbilia upande mwingine. Nilitafuna mpaka taya zikauma, nikamhurumia Babu kwa moyo wote.

Baba akatoka. Alikuwa amevaa viatu vyote viwili na kufunga kamba. Alisimama mbele yangu, akaona shavu limevimba.

"Leo hakuna shikamoo?"

Nikameza kwa nguvu. "Shikamoo Baba."

"Marahaba. Tamu?"

"Ngumu."

"Ndiyo maana," akasema, na akaenda kufungua matenga.

Nikanawa mikono, nikachukua kikapu, nikaenda kuchuma mlenda kabla umande haujakauka.